Njia Fupi ya Kanisa la Mlimani

Jumatatu, 14 Julai 1969
Masisi imepata wageni! Walimu wawili wa Bukavu, Papa Raphaël na Mama Constance, wako likizo. Wanataka kutembea milimani kwa miguu na kuona makanisa ya zamani, hasa lile dogo la mawe juu ya mlima. Wameuliza sokoni nani anajua njia. Nikasema mimi. Sijawahi kufika. Lakini linaonekana vizuri kutoka mlangoni kwetu.

Sababu ninayo. Mzee Nzabandora, mfugaji, baba yake Laurence, msichana ninayetaka kumwoa, amesema hatatoa binti kwa mwanaume anayeshinda barazani. Sasa nina kazi: kiongozi wa wageni.

Jumanne, 15 Julai
Athanase, anayepeleka ng'ombe milimani kila juma, amekuja kunishauri. Ukungu unashuka saa sita, tupite njia ya juu hata kama ni ndefu. Nikamwambia nina njia fupi. Akauliza ipi. Siri ya kazi! Ameondoka akicheka. Wivu tu.

Nimetunga historia ya kanisa: lilijengwa na padri wa mguu mmoja. Wageni wanapenda mambo kama hayo.

Jumatano, 16 Julai
Asubuhi nzuri. Bonde lote kijani, mto chini, moshi juu ya nyumba. Mama Constance aliandika habari za padri. Akauliza mguu uliobaki ulikuwa upi. Nikasema wa kushoto. Baadaye akauliza tena. Nikasema wa kulia. Ameandika yote mawili.

Saa sita, ukungu. Kanisa likapotea. Tope hadi magoti. Kiatu cha Papa Raphaël kimebaki humo. Nikawaambia tumekaribia kabisa. Mbele yetu ua wa miti ya miiba. Tukapanda, tukaangukia katikati ya ng'ombe. Mtu akatokea na fimbo.

“Wezi! Munatafuta nini kwa ng'ombe yangu?”

Mzee Nzabandora! Kati ya watu wote!

“Niko na wageni, Papa,” nikasema.

“Wageni njo wanapita juu ya ua?”

Wageni wakaketishwa, wakapewa maziwa. Mimi nikasimama nje. Laurence aliniletea kikombe, akatazama suruali yangu, akarudi ndani. Hakucheka hata kidogo. Hilo limeniuma kuliko miiba yote.

Alhamisi, 17 Julai
Wageni walilala kwa mzee. Leo amewapeleka kanisani yeye mwenyewe. Nusu saa tu kutoka nyuma ya nyumba yake! Mimi nilibeba mfuko wa Mama Constance.

Kanisa ni zuri kweli. Kuta nene, madirisha madogo, bonde lote liko chini yako. Mzee akasema baba yake na majirani walipandisha mawe yale vichwani, miaka miwili, na padri alibeba pamoja nao. Mama Constance akauliza habari ya mguu. Mzee akashangaa. Padri alikuwa na miguu miwili, tena mirefu. Mama Constance akachana ukurasa mzima, bila kunitazama.

Papa Raphaël ameahidi kuwaambia walimu wote wa Bukavu: mkifika Masisi, mtafuteni Mzee Nzabandora. Kazi yangu imechukuliwa na mkwe wangu!

Tukishuka, mzee akaniita kando. “Unabeba muzuri. Kuja kesho asubui, nitakufundisha njia zote. Kisha tutaongea mambo ya Laurence.” Laurence alisikia. Akatabasamu.

Ijumaa, 18 Julai
Sikwenda. Kufundishwa njia ni jambo la mtu asiyezijua, na Athanase angeniona.

Tena nimepata mgeni wangu mwenyewe! Papa Édouard, mpiga picha wa Goma, anatafuta maporomoko ya maji msituni Walikale. Walikale sijaikanyaga bado. Watu husema ni mwendo wa siku kadhaa, lakini hawana njia fupi. Nimemwambia nilizaliwa huko. Laurence atasikia habari zangu akiwa nyumbani.

Tunaondoka kesho kwa miguu. Nimemshauri asibebe chakula. Saa sita tutakuwa tumefika.