Sarafu Mbili na Laksa ya Mama

Jumatatu, 7 Julai

Dada Guat Kee kapiga simu kutoka Singapuri. Anakuja Jumamosi! Jumapili ni siku ya kumlisha Mama, siku aliyotutoka. Kila mwaka namlisha mimi, mtoto wa kiume, mlinzi wa nyumba na meza ya marehemu. Na kila mwaka namwambia Dada kwenye simu kwamba laksa, supu yetu ya tambi na tui, nimeipika kwa mkono wangu, kama ya Mama.

Kauliza kama bado natwanga viungo kwenye kinu. Nikasema viganja vimeota sugu. Akasema vizuri sana, mdogo wangu, mwaka huu nitaonja. Na sarafu nitatupa mimi.

Nikakaa chini.

Akaongeza kwamba kama laksa si ya Mama, anabeba picha na chetezo, Mama anahamia Singapuri. Mama! Ghorofani! Kwenye lifti!

Sasa ukweli, maana shajara haina mdomo. Laksa huwa nanunua kwa mama mmoja karibu na daraja. Naye kafunga, kaenda kulea wajukuu Johor. Na zile sarafu: namwuliza Mama kama ameshiba, nazitupa. Moja ikilala kichwa na nyingine mgongo, ameshiba. Zikilala sawasawa, bado. Zikilala sawasawa mimi huokota upesi, nikatupa tena. Mama hajawahi kulalamika.

Mpango: kuitafuta laksa ya Mama Melaka nzima kabla ya Jumamosi. Rahisi! Nani anaijua Melaka kunizidi? Watalii huniuliza njia hata nikiwa kwa kinyozi na sabuni shavuni.

Jumanne, 8 Julai

Nimekula laksa asubuhi, mchana na alasiri. Tumbo limejaa, moyo mtupu.

Duka la kwanza: tui zito kama rangi ya ukuta. La pili ni la mtu wa Penang. Mchuzi mweusi, mchachu, samaki kapondwa humo, tui hakuna. Nikamwuliza tui limekwenda wapi. Akaniuliza mimi shule nilikwenda wapi. Nikamwambia hii ni laksa iliyofiwa na mama yake. Kanitoa kwa upawa.

La tatu lina picha ya bibi mzuri ukutani, blauzi ya kebaya na kishungi, macho ya upole. Nikasema hapa ndipo! Nikauliza huyu ndiye mpishi wa kwanza? Mhudumu akasema hapana mzee, huyu alikuja na fremu.

Jumatano, 9 Julai

Balaa. Binamu yangu Swee Tin anajua! Dada kampigia na yeye. Sasa anatangaza mtaa mzima kwamba siri ya Mama anayo yeye, katika ule mkahawa wake wenye taa nyekundu na vijiko vya dhahabu feki. Swee Tin, ambaye Mama alimfukuza jikoni kwa kudokoa kamba wa laksa!

Nimekwenda kumpeleleza. Kofia, miwani ya jua, sauti nzito ya mgeni. Kanipokea mlangoni kwa unyenyekevu wote: karibu Eng Poh, kofia ya marehemu baba yako imekukaa.

Nimeonja. Ni tamu. Inaniuma kuandika hivyo. Lakini ya Mama siyo. Ya Mama ilikuwa inakuja pole pole, kwanza nazi, kisha kamba, halafu pilipili inakushika sikio kama mwalimu. Hii inakuja yote kwa pamoja kama ndugu wa mume.

Bakuli nimelimaliza. Kwa uchunguzi.

Alhamisi, 10 Julai

Basi nimepika mwenyewe! Mwanamume niliyefika Hatyai, kule Thailand, mara mbili, na uwanja wa ndege wa Dubai, nishindwe na supu ya tambi? Vitunguu, khulinjani, mchaichai, manjano, pilipili, vyote kwenye mashine ya umeme. Mashine ikalia, ikanyamaza, ikatoa moshi. Jani la laksa nimelichuma kwenye chungu cha jirani, barazani kwake. Supu ikanuka sabuni. Jirani kaja mbio kuniambia kwamba nimepika mti wake wa kufukuzia mbu.

Nimemwaga yote. Nikakaa kwenye ngazi ya jikoni, pale nilipokuwa nakaa utotoni.

Kinu cha jiwe bado kipo. Mama alikuwa na mlio wake: tok-tok, kraa. Mapigo mawili, kisha mchi unaburutwa ukingoni. Bibi mzaa baba alikuwa akikaa ghorofani, hashuki kukagua. Anasikiliza tu. Alikuwa anasema mkamwana mvivu husikika kabla hajaonekana. Na mlio ukikolea, anagonga sakafu kwa fimbo: inatosha, tia mafutani! Nikitoka shule na kusikia mlio ule tangu kona ya mtaa, nilikuwa nakimbia. Shule yenyewe niliikimbia hivyo hivyo.

Sijui kwa nini naandika haya. Moshi wa mashine bado uko machoni.

Ijumaa, 11 Julai

MUUJIZA!

Nilikuwa natembea mtaa wa Tengkera, nikitafuta mtu wa kumlaumu. Uchochoroni, nyuma ya nyumba ya bluu: tok-tok, kraa. Miguu ilikimbia kabla yangu. Mlango wa jikoni uko wazi, ndani bibi mdogo kama kuku, kakaa kwenye kibago, anatwanga.

Bibik Lian! Bibik ndivyo tunavyowaita bibi wa heshima. Jirani yetu wa zamani, ukuta mmoja na sisi, mwenzake Mama kwenye karata. Nilidhani alikufa zamani. Nimeshasimulia mazishi yake mara nyingi tu, tena kwa machozi.

Kaniangalia bila kuacha kutwanga. Akasema: "Eng Poh. Nasikia ulinizika vizuri."

Nikapiga magoti, nikamweleza yote: Dada, sarafu, lifti. Kacheka mpaka mchi ukamtoka. Kasema yeye hauzi, anapikia wajukuu. Lakini kwa ajili ya Mama, Jumapili nije alfajiri. Sharti moja: nitwange mimi. Nikauliza vipimo. Akasema kadiria tu. Nikasema nitajuaje? Akasema: "Kwani masikio yako ni ya kuvalia miwani, baba?"

Kisha akasema jambo. Yeye na Mama walikuwa wakamwana wa mwaka mmoja. Mama akichoka, alikuwa anagonga ukuta, na Bibik anatwanga kwa nguvu upande wake, ili Bibi ghorofani aridhike. Basi siku nyingine niliyekuwa namkimbilia toka kona hakuwa Mama!

Nimefikiri sana. Sina kinyongo. Nilikuwa na bahati ya kutwangiwa na wawili.

Jumamosi, 12 Julai

Dada kafika. Kafuta picha ya Mama kwa kipande cha mkono wa blauzi yake, ingawa nilishaifuta. Kanitaka viganja, aone sugu. Nikaweka mikono mfukoni. Kasema tutaonana kesho. Kaja na begi moja tupu. Refu kidogo kuliko chetezo. Nimelipima kwa macho.

Jumapili, 13 Julai

Nimetwanga alfajiri mpaka mabega yakaomba radhi. Bibik kafumba macho, anasikiliza. Bado. Bado. Mlio ukabadilika, ukawa mzito, kama mtu anayetembea kwenye matope. Nikaacha mwenyewe kabla hajasema. Akagonga sakafu kwa kisigino.

Nyumbani tukapanga meza: laksa, chai, machungwa, sigara za Baba. Mara Swee Tin huyo, na sufuria lake! Anataka naye amlishe shangazi. Dada kasema weka, Mama hakufukuza mgeni. Mwongo.

Dada kawasha udi. Tukangoja. Kamwuliza Mama kama ameshiba, katupa sarafu.

Sawasawa.

Nikanyoosha mkono niokote. Kanipiga kibao.

Nikasema Mama kakataa ya Swee Tin, ina sukari. Swee Tin kasema shangazi kakataa ya Eng Poh, hajui kupika hata maji. Nikamtajia kamba wale. Akanitajia mti wa mbu. Tulikuwa tumeshikana kola mbele ya marehemu, watu wazima wenye meno ya bandia, Dada alipopiga meza.

"Wapumbavu nyie! Hajakataa. Hajamaliza kula!"

Tukaachiana kola. Kweli. Mama! Aliyefyonza kila kichwa cha kamba. Wageni walikuwa wanaaga, vyombo vinaoshwa, yeye bado anaiwinda tambi ya mwisho na kutuambia tukae, kwani mnakimbizwa na nani?

Basi tukakaa. Dada katupa tena: bado. Akacheka, akalia kidogo. Tukasimuliana. Swee Tin kakiri hajawahi kula kamba watamu kama wale wa kudokoa. Nami nikamsimulia Dada habari ya ukuta na Bibik Lian, wote watatu tukawa tunagonga meza: tok-tok, kraa. Tambi zilivimba, tui likaganda, udi wa pili ukaisha. Hatujakaa hivi katika nyumba hii tangu Mama aondoke.

Alasiri, kichwa na mgongo. Ameshiba.

Dada kala laksa yangu, baridi hivyo hivyo. Kashika sikio lake tu, pale pilipili ilipomshika. Kisha kalijaza lile begi machungwa. Chetezo hakukigusa. Mlangoni kanitia sarafu kiganjani, juu ya malengelenge.

"Mwakani tupa wewe, mdogo wangu. Lakini usiokote upesi. Mwache Mama ajibu."

Alijua! Miaka yote!

Jumatatu, 14 Julai

Nimelala na wazo, nimeamka na biashara. Sebule ya mbele ni kubwa, mimi na Mama tunaifanyia nini? Meza kadhaa, kibao mlangoni: LAKSA ILIYOMCHELEWESHA MAREHEMU. Swee Tin atafunga mkahawa kwa aibu. Mpishi Bibik Lian, bado hajaambiwa. Pale kwenye duka la kahawa nimeshasimulia kwamba nilitwanga siku tatu.

Kwa heshima, nimemwomba Mama ruhusa. Nikatupa sarafu. Sawasawa.

Nikatupa tena. Sawasawa.

Nikatupa tena, kwa mkono wa kushoto. Kichwa na mgongo!

Mama kakubali.