Yakobo Kwenye Posa ya Didia

Jumapili, 5 Julai 1953
Mpwa wangu Donatus, anayefanya kazi kwenye almasi hapa Songwa, anamtaka Klara, binti wa mzee Jilala wa Didia. Ukoo ulitaka mshenga awe ndugu yetu Pantaleo. Nikasema niachieni mimi. Jilala anataka ng'ombe kumi na watano, sisi tunao wanane. Si neno. Ninaye Yakobo wa Biblia, aliyempata Raheli kwa jasho la miaka saba, bila kutoa hata ndama. Mke wangu Philomena anasema nimempeleka huyo Yakobo kwenye posa nyingi mno, Didia nzima sasa ni wakwe zake. Nimemsamehe.

Ijumaa, 10 Julai
Nimemfunda Donatus. Asiseme kitu, akae kama Yakobo tu. Akauliza Yakobo alikaaje. Nikamwambia: kama mtu mwenye ng'ombe wanane.

Jumamosi, 11 Julai
Didia. Wazee tukawapa salamu yao ya asubuhi, mwangaluka, maziwa tukanywa. Nikasimama. Ndiyo kwanza naanza kusimulia, Yakobo kamkimbia kaka yake, wazee wakadakia kwamba akafika kisimani. Wanawake jikoni wakamalizia miaka saba. Mzee mmoja akauliza kama Biblia yangu ina ukurasa huo peke yake. Sikutetereka.
Jilala akasema, kwa upole kabisa, kwamba mwaka huu amenisikia mara nne, na leo ameshindwa, anakubali. Ng'ombe wetu tubaki nao. Donatus aache kazi, aje amchungie miaka saba, aanze Jumatatu. Tena, kwa kuwa Labani alimpa Yakobo binti mkubwa kwanza ndipo Raheli, basi naye anaye Mbuke, dada mkubwa wa Klara, bado yupo nyumbani.
Donatus akanitazama.

Jumatatu, 13 Julai
Pantaleo kaenda Didia bila kuniaga. Hakusimulia chochote. Kauliza tu: Baba Mbuke, tukileta wanane sasa na wanne mwakani, Klara tutampata? Jilala kakubali hata kikombe cha maziwa hakijaisha. Sharti moja: siku ya harusi mimi nisihutubie.

Jumanne, 14 Julai
Nimesali, nikaona mambo wazi. Yakobo ndiye aliyemlainisha Jilala. Pantaleo kakuta ugali umeshaiva. Harusi Agosti. Nimekatazwa hotuba, sawa. Sala ya chakula hakuna aliyeitaja. Nimeshaanza kuiandika: Ee Bwana, uliyemwongoza Yakobo mpaka kisimani...