Mashua ya Gordy na Sheria ya Uwanja wa Mbele

Jumatatu, 21 Aprili

Stika ya rangi ya chungwa! Kwenye mashua yangu! Imebandikwa ubavuni kama vile ni gari bovu lililotelekezwa. Sheria ya kaunti: mashua haikai uwanja wa mbele zaidi ya siku tatu. Iwe gerejini au nyuma ya nyumba. Nyuma haifiki, trela linakwama kwenye ua wa jirani yangu, Duane Sobczak. Gerejini ndiyo kabisa haiwezekani. Mna friza la nyama ya paa, mashine mbili za kusukuma theluji (moja karibu nzima), matairi, milango mitatu na maboksi ya Krismasi ya mke wangu, Marlys. Kila kitu kina kazi yake.

Najua aliyenichoma kwa kaunti. Duane alikuwa amesimama nje anamwagilia maua yake. Mvua inanyesha!

Marlys kasema ikija stika ya pili, mashua anauziwa Duane, ambaye anaitamani miaka yote na gereji yake ni tupu, inang'aa kama sahani. Nikasema labda niwe nimekufa. Marlys kajibu kuwa hilo nalo linazungumzika.

Haiwezekani. Msimu wa uvuvi unafunguliwa Jumamosi ya tarehe tatu Mei. Tangu tuwe wachumba, alfajiri hiyo inatukuta ziwani, mimi, Marlys na chupa ya kahawa. Hatujakosa hata mara moja.

Jumatano, 23 Aprili

Nimepata dawa. Sheria inahesabu siku za kukaa. Basi mashua isikae! Asubuhi nikaifunga kwenye pikapu, nikazunguka mtaa, nikairudisha. Siku zinaanza upya. Nani mjanja?

Kwenye kona trela likang'oa sanduku la barua la Duane, na nguzo yake. Nimeshinda mchana nachimba shimo la kulisimamisha tena, mwenyewe kasimama juu yangu ananishauri jinsi ya kushika koleo. Kasema taratibu mzee, usije ukafukua na bomba la gesi.

Baadaye akapiga simu Bi Lindquist, mkaguzi wa kaunti. Kasema kuzunguka mtaa na kurudi palepale ni kukaa palepale. Kuna raia mwema amemtumia picha. Raia mwema!

Ijumaa, 25 Aprili

Akili mpya. Mapambo si chombo kilichohifadhiwa. Nikachimbua maboksi ya Marlys. Baba Krismasi nikamkalisha penye usukani, kulungu wa plastiki nikawapanga mbele wanavuta trela, taa kila mahali. Watoto wa mtaa wakaja kuimba.

Bi Lindquist alikuwa anapita kwenda kanisani kwenye mlo wa samaki wa kila Ijumaa. Akasimamisha gari. Akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha kasema mapambo ya Krismasi mwisho wake Januari, hiyo ni sheria nyingine, kwa hiyo sasa nina makosa mawili. Kanipa hadi Jumanne. Mama mwenye roho nzuri, ila kazi yake mbaya.

Marlys kauliza kwa nini Baba Krismasi wake amelowa.

Jumapili, 27 Aprili

Nimeipata! Tukitoka kanisani tumepita nyumba yenye beseni kuukuu la kuogea limejaa maua uwanjani. Je, hilo bado ni beseni? Hapana. Ni bustani!

Nikaleta udongo pikapu nzima. Nikang'oa magurudumu ya trela, sasa ni kibao cha kuwekea tu. Nikapanda maua ya manjano na zambarau, yale yasiyoogopa baridi. Kitabu cha bustani kinaonya kuwa maji yasipopata pa kutokea, mizizi inaoza. Mimi si mtu wa kulipualipua kazi. Nilishatangulia chini ya mashua na drili kabla ya udongo. Mashimo mazuri, mstari mmoja, tokea mbele hadi nyuma.

Duane katazama kwenye ua, kaingia ndani, kabamiza mlango. Raha iliyoje!

Jumanne, 29 Aprili

USHINDI! Bi Lindquist kaizunguka mara mbili. Kauliza kama hii kitu inaelea. Nikaweka mkono kifuani nikaapa: mama, hata kwenye beseni, hii haielei. Kainama, kachungulia yale mashimo, kisha kaibandua stika kwa kucha zake mwenyewe. Si mashua tena. Ni tuta la maua. Faili limefungwa.

Si hayo tu. Kauliza kama nimejiandikisha kwenye mashindano ya bustani za kaunti, leo ndiyo mwisho. Mashindano anayoshinda Duane kila mwaka! Nikajiandikisha palepale. Duane mpira wa maji ukamlowesha viatu.

Alhamisi, 1 Mei

Chakula cha jioni. Marlys kauliza kama nimeshatia mafuta mashua kwa ajili ya Jumamosi.

Nikaacha kutafuna.

Katazama dirishani, kwenye maua. Kasema Gordy, umeitoboa mashua yetu. Nikamwambia nimeiokoa, Duane haipati ng'o. Kasema kweli, Duane asingeitoboa.

Roho imeniuma. Kaenda gerejini, kafunga mlango. Nasikia vitu vinaburutwa.

Jumamosi, 3 Mei

Alfajiri barabara imejaa mapikapu yanavuta mashua kwenda ziwani. Nimekaa kwenye yangu, kwenye maua, najihurumia. Mara Marlys huyo, na kofia yake ya uvuvi, chupa ya kahawa na mikate ya mayai. Kapanda, kakaa mahali pake pa siku zote. Kamimina kahawa. Kisha kasema haya, tupa ndoano, wewe mzee wa mashimo.

Nikatupa. Ikanasa suruali ya Duane kwenye kamba ya nguo. Marlys kacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nampenda sana mwanamke huyu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Saa nne majaji wakaja. Utepe wa buluu, ule wa mshindi wa kwanza, ni WANGU! Duane kanipa mkono kama mtu anayeshika samaki mbichi. Kasema hongera jirani, vipi, samaki wanakula chambo leo? Mwache aseme.

Kisha Marlys kafungua gereji. Tupu! Imefagiwa! Vyote kavipeleka mnada wa kanisa. Kasema mashua ingeingia na nafasi ikabaki. Sasa gari lake litalala ndani, hatakwangua barafu kiooni tena maishani.

Jumapili, 4 Mei

Utepe uko mlangoni. Kaunti nzima mashua moja tu inakaa uwanja wa mbele kihalali, nayo ni yangu.

Mnada wa kanisa ni hazina. Huwezi kuamini watu wanatupa nini! Nimepata mashine ya kusukuma theluji, karibu nzima. Imeingia gerejini vizuri, na milango mitatu juu yake. Na nyuma ya kanisa kuna karavani kuukuu, nyumba ile ya kuvutwa na gari, mchungaji kasema nichukue bure. Nimeliegesha uwanja wa mbele. Sheria inakataza karavani. Banda la kuku haikulitaja.

Duane yuko nje anamwagilia maua. Mvua inanyesha. Kesho natafuta kuku.