Nimeitetea Digrii Yangu Ukweni kwa Mtu Mwingine

Leo nimeadhirika, tena nikiwa nimevaa suti. Nawaandikia nikiwa kwenye benchi la mashine, koti nimevua, masikio bado yanawaka. Someni taratibu, na mtu asiniwahi kwenye maoni kabla sijamaliza.

Wengi mnanijua. Nina digrii ya utawala wa umma na nasimamia mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara. Mnajua pia nina mchumba, Neema, na kwamba leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kujitambulisha kwao, Viwanja Sitini. Msichojua ni kwamba baba yake Neema, mzee aliyestaafu kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu, ana kauli yake kuhusu digrii yangu: eti ni digrii ya kutembeza bahasha. Neema alinionya kwamba mzee lazima aligusie hilo. Nikajiandaa. Wiki nzima nimekuwa nikihutubia magunia ya mpunga. (Magunia yalikubaliana na mimi kwa kila hoja.)

Nilitakiwa kwenda na baba mdogo Kasiani, mshenga wangu. Asubuhi akapiga simu yuko Kivukoni, pikipiki imekata mnyororo, nitangulie, atanikuta hukohuko. Akanielekeza: pita kanisa, kata kushoto, nyumba yenye geti la bluu na turubai uani. Nikabeba kiroba cha mchele na doti ya khanga. Nikazima simu kwa heshima ya wakwe. Nikaenda.

Geti la bluu nikaliona. Turubai nikaliona. Nikapiga hodi, na kabla sijamaliza nikaambiwa karibu mgeni, tulikuwa tunakusubiri wewe. Sasa mtu akikwambia anakusubiri wewe, utamuuliza anamsubiri nani?

Nikamwaga shikamoo kushoto na kulia. Kiroba kikapelekwa jikoni. Khanga akapewa shangazi mtu, mama mmoja mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akajifunga palepale. Nikaeleza kwamba mshenga pikipiki imemharibikia njiani. Mzee mwenye nyumba, mpole, kavaa kaunda suti, akasema hakuna neno, pikipiki ni pikipiki. Nikapewa sofa la peke yangu, lile lenye kitambaa cha kufuma. Moyoni nikasema Neema alinitisha bure.

Mambo yakageuka tulipofika kwenye kazi. Mzee akasema wamesikia nimesoma, tena mambo ya mifugo.

Mifugo? Nikapiga hesabu ya haraka: Neema ameionea aibu digrii yangu, akawaambia wazazi mimi ni daktari wa ng'ombe. Jamani, iliniuma. Joto lilipanda mpaka kwenye tai. Nikasema hapana mzee, labda hamkuelezwa vizuri, mimi nimesomea utawala wa umma na sioni sababu ya kuficha.

Watu wakatazamana. Shangazi akaweka glasi chini.

"Utawala," akasema. "Haya. Na wewe unamtawala nani?"

Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba utawala wa umma si kutawala watu, ni kupanga mambo ya watu yaende bila kugombana. Akasema hayo hata mjumbe wa mtaa anayafanya na hajakanyaga chuo. Nikasema kweli, na ndiyo maana kesi za mipaka ya viwanja haziishi. Akasema kuna kijana anamjua ana digrii hiyohiyo na anauza vocha. Nikasema mimi nasimamia mashine ya mpunga na sijawahi kulala njaa. Akauliza: huo mpunga, kabla ya kukobolewa, unaomba kuona cheti?

Wazee wakacheka mpaka wakashikana mabega. (Lilikuwa zuri, nakiri. Nami nilicheka kidogo kwa ndani.)

Hapo nikatoa kisa nilichokuwa nimekiweka akiba. Nilipoanza kazi pale mashineni, kila msimu watu walikuwa wanagombania pumba. Mwenye mashine anasema pumba ni zake. Mkulima anasema mpunga wangu, pumba zangu. Wafugaji wako nje wanazitaka kwa ajili ya ng'ombe wao. Siku moja watu walishikana mashati mbele ya mzani. Nikawaita, nikawakalisha, kila upande ukaongea bila kukatwa. Tukakubaliana utaratibu: anayelipa bei kamili ya kukoboa anaondoka na pumba zake, anayetaka punguzo anaziacha. Tangu hapo hakuna shati lililochanika.

"Hiyo ndiyo digrii yangu, mama," nikamwambia shangazi. "Ikiwepo haionekani. Ikikosekana, mnashikana mashati."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kile kichwa cha kukubali. Shangazi akaikaza khanga yake, akatoa hukumu: kijana ana akili, ng'ombe watajitibu wenyewe.

Nilishinda, jamani. Nataka hilo liwekwe kwenye kumbukumbu. Nilishinda mchana kweupe.

Wali ukaletwa. Nikala kwa adabu, nikausifia mchele. (Ulikuwa wangu.) Mzee akasema yeye ameridhika, mtu anayejua kupatanisha watu atajua pia kuishi na mwanawe. Akaita ndani ili binti aje asalimie mgeni. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikaweka tabasamu.

Akatoka binti mzuri, kasuka vizuri, gauni la kitenge, macho chini. Akapiga goti. Akainua uso. Tabasamu lake likakauka, na langu likafuata.

"Baba," akasema, "huyu ni nani?"

Mzee akamjibu kwamba huyu ndiye mchumba wake. Binti akasema mchumba wake ana ndevu. Shangazi akanigeukia, na ile sauti ya kwaya sasa imeshuka mpaka besi.

"Kijana, wewe umekuja kumposa nani?"

"Neema," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

Akauliza kama ni Neema wa yule mzee wa Kidatu. Nikasema ndiye. Akanyoosha kidole juu ya ukuta. Nyumba ya pili, turubai jingine, geti jingine la bluu. Mzee akaeleza kwa upole kwamba walinunua ndoo moja ya rangi wakagawana.

Katikati ya hiyo aibu hodi ikapigwa, akaingia kijana mwenye ndevu na washenga wake. Akanipa mkono kwa heshima akaniita shemeji. Hakuna aliyemsahihisha. Hakuna aliyekuwa na nguvu.

Nikawasha simu. Neema alikuwa amepiga mpaka akachoka, kisha akaandika: "Baba anasema usomi gani huu hata kufika hamfiki."

Nilitaka kurudi nyumbani, nihame mji. Shangazi akanishika mkono, akasema hanitoi pale peke yangu kama mwizi, atanifikisha mwenyewe. Nikamshukuru, nikidhani ataeleza kwa kunong'ona. Alisimama katikati ya uwanja wa kina Neema, khanga yangu kiunoni, mbele ya ukoo mzima na baba mdogo Kasiani aliyekwisha kufika na grisi mikononi, akasimulia yote tangu hodi. Aliigiza sauti yangu. Aliigiza nilivyofunga kifungo. Baba yake Neema alicheka mpaka akatoa leso. Neema hakucheka.

Mzee alipopata pumzi akauliza kama hii ndiyo digrii ya utawala, kupotea kati ya nyumba mbili. Kabla sijafungua mdomo, shangazi akamjibu. Akampa kisa cha pumba chote, tena kizuri kuliko nilivyokieleza mimi, akamalizia kwa kusema hata yeye saa chache zilizopita alikuwa na mawazo kama yake, na sasa amenyamazishwa. Mzee akanitazama, akaniuliza kitu kimoja tu, kama hayo ya pumba ni ya kweli. Nikasema ni ya kweli, aje mashineni ajionee. Akavuta kiti karibu yake, akasema nikae. Wakaleta wali. Nikala tena kama sijala.

Posa imepokelewa. Na msimamo wangu uko palepale: digrii ya utawala wa umma ni digrii nzuri sana, na sasa nina mashahidi wa nyumba mbili.

Lakini sasa hivi Neema ameniandikia ujumbe wake wa kwanza tangu tuagane. Hauna salamu. Unasema: "Huyo wa jirani ni mzuri?"

Nimeandika jibu, nimefuta. Nimeandika lingine, nimefuta. Tafadhali msicheke. Mwenye digrii ya kujibu swali hili anitafute haraka, maana Neema anaona kwamba ujumbe wake nimeshausoma.