Sauti Zako Thelathini na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Mama Watoto,
Kampuni ya ile programu yetu ya ujumbe imetoa tangazo. Serikali imewabana waondoe kufuli kwenye nakala za wateja. Wamebishana nayo mwezi mzima, sasa wamesalimu amri. Kuanzia Ijumaa, wizara ikitaka inafungua na kusikiliza. Tangu ututoke nimebakiwa na sauti zako thelathini na moja ulizonitumia humo. Katika moja unamsema dada yangu dakika nne nzima, na mumewe ni karani wa wizara hiyohiyo. Hawazipati. Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi
Fundi simu kanihamishia sauti zote kwenye kadi ya kumbukumbu. Kaniambia nichague neno la siri la kuifungia, nitakalolikumbuka. Nikachagua gumu, herufi ishirini, nikafunika kwa kiganja asilione. Kisha nikafuta za kwenye simu na za kule kwa kampuni. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumatano, 6 Machi
Silikumbuki. Nimejaribu jina lako la utani, siku ya harusi, hata namba ya vile viatu vyako vya kijani vilivyokuwa vikikubana. Fundi kauliza nililiandika wapi. Nikasema siri haiandikwi. Akasema, "Basi mzee, serikali umeiweza."
Nimekaa upande wako wa kitanda. Nyumba kimya.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda wizarani kwa shemeji. Huenda walishachungulia mapema wakabaki na nakala. Kaapa hawana. Kanipa fomu nieleze kilichopotea. Nikaeleza vizuri, hasa ile ya dada, neno kwa neno, wasije wakanipa ya mke wa mtu. Akaisoma palepale. Akauliza, "Kumbe mimi nakoroma kama jenereta?"

Ijumaa, 8 Machi
Dada kaja, kanuna. Nikajua leo naumbuka. Akasema, "Kaka, unadhani wifi alinisema mimi tu?" Akaniwekea simu yake sikioni. Ulikuwa wewe. Dakika sita unanisema mimi, nilivyopaka rangi mlango ukiwa umefungwa, ukagandia humo, tukapitia dirishani siku mbili. Ulicheka mpaka ukakohoa. Tumerudia mara tatu. Dada kanipa leso yake.

Jumamosi, 9 Machi
Dada kanirushia sauti hiyo. Nimeifungia kwa neno jipya la siri, na safari hii nimekuwa mwangalifu: nimemwambia fundi, nimemwambia dada, nimemwambia shemeji, kila mmoja kwa faragha. Serikali italipatia wapi?
Wewe huko uliko, unikumbuke.