Warumi Walivyotaka Kumnyang'anya Bibi Minazi

Leo nimeaibika Muheza, mbele za watu, mchana kweupe. Na bado nasema nilikuwa sahihi. Anayebisha asome hadi mwisho.

Mimi nasoma sheria, mwaka wa pili. Muhula huu tunafundishwa sheria ya Kirumi, na mtihani wa majaribio nimeufaulu vizuri (nimewatangazia mtaa wetu mzima wa Nguvumali). Asubuhi nikaenda Muheza kumjulia hali Bibi yangu, anayeishi kwa nazi zake. Nikamkuta kanuna.

Shida yake ilikuwa ndogo. Jirani yake, Mzee Kibwana, akija kuangua mafenesi yake anamkanyagia mihogo. Bibi alitaka tu awe anapiga hodi na kupita pembeni.

"Bibi, mafenesi 'yake' vipi? Mti si umo shambani mwako?"

"Kaupanda marehemu baba yake."

"Sheria haiangalii aliyepanda!"

"Sheria ipi hiyo?"

"Ya Kirumi."

"Hao Warumi ni watu wa wapi, Pangani?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini nina shati jeupe jipya na Kilatini cha kutosha, nitanyamazaje?

Tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tukamkuta barazani anamenya chungwa, na majirani kama kumi wamekuja na shida zao. Mzee Kibwana akaitwa. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia vizuri tu, maskini. Bibi akaanza, "Mwenyekiti, ni hii mihogo yangu..." Nikamkatiza. (Nimemkatiza Bibi. Mbele za watu. Mimi!)

Nikasimama. "Mwenyekiti, tuache mihogo. *Superficies solo cedit!*"

Chungwa likabaki mkononi mwa mwenyekiti.

"Maana yake, kilichosimama juu ya ardhi hufuata ardhi. Nyumba, mti, chochote. Ardhi ni ya Bibi, basi mfenesi ni wa Bibi. Aliyepanda hana chake!"

Jamani, nilisema vizuri! Mama mmoja akapiga kigelegele. Nikamwangalia Bibi nione anavyojivunia mjukuu. Ananikonyeza. Nikamkonyeza na mimi.

Mzee Kibwana akasimama taratibu. "Mwenyekiti, mtoto kasoma. Mimi sheria hiyo nimeikubali."

Nikakunja mikono. Nimeshinda kesi yangu ya kwanza!

"Mfenesi mmoja nimempa," akaendelea. "Na ile minazi kumi na miwili ya bibi yake, iliyosimama katika shamba langu, kuanzia leo ni yangu. Naomba ruhusa nikamwite mkwezi."

Sasa ngojeni. Minazi ya Bibi naijua tangu utoto. Nazi zake nimezikuna mpaka vidole vikachubuka. Ila sikuwahi kujiuliza imesimama shambani kwa nani. Kumbe marehemu babu aliipanda kwa Kibwana, na baba yake Kibwana akapanda mfenesi kwetu, kwa ujirani. Huku kwetu shamba lina mwenyewe na mti una mwenyewe. Kila mtu barazani alilijua hilo, isipokuwa wakili.

Bibi akainuka. "Mwenyekiti, huyu mtoto mimi simjui."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikatafuta pa kutokea, nikakumbuka ukurasa niliourukaruka kwa sababu hautoki kwenye mtihani: vyanzo vya sheria.

"Hata Warumi wenyewe," nikapaza sauti, "walihesabu desturi ya wenyeji kuwa ni chanzo cha sheria!"

"Basi Warumi wana akili zao," akasema mwenyekiti. "Wewe ndiye unawasingizia. Futa kauli."

"Lakini kanuni yenyewe ni..."

"FUTA!" Hiyo ilikuwa sauti ya Bibi.

Nikafuta. Minazi ikarudi kwa Bibi, mfenesi kwa Mzee Kibwana. Na kwa kumsumbua mzee wa watu, nikaamriwa nimbebee fenesi mpaka kwake. Kachagua kubwa kuliko yote, limeiva, utomvu unachuruzika kwenye shati jeupe. Njia nzima watu wananiita, "Wakili! Wakili mzigo!" Na mnajua tulipita wapi kutoka mtini? Juu ya mihogo. Hakuna aliyeikumbuka tena, na mimi ndiye niliyesema tuiache.

Mchana Bibi kapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mimi nikaletewa mihogo. Ile ile iliyovunjwa, imechemshwa kwa maji na chumvi.

"Bibi, hata tui kidogo?"

"Nazi zina mwenyewe. Nenda kale kwa Warumi."

Nani anacheka? Mtihani ukija nitaandika Kilatini kile kile, na alama zote nitapata. Kauli nimeifuta mdomoni tu, kwa ajili ya minazi kumi na miwili. Moyoni ipo, na shatini utomvu nao umegoma kutoka.