Filta ya Dizeli Mbele ya Bi Salma

Leo sina uso wa kuonesha watu. Nawasimulia mwenyewe kabla video haijawafikia.

Mnajua nina kiboti changu mtoni huku ughaibuni, karibu na Edmonton. (Mke wangu Asha anakiita mke mwenzake.) Mwezi wa kumi, kabla sijakilaza kwa ajili ya baridi, fundi Jayanti wa Kingsbury, mzaliwa wa Mombasa, aliniambia: "Badilisha filta ya dizeli sasa hivi, halafu jaza tangi. Usingoje jua."

Filta nikanunua kwake. Nikaitia chini ya kiti. Nikajiambia nitaifunga baridi ikiisha, mpya ibaki mpya. (Akili zangu hizo.)

Leo ndiyo mara ya kwanza kukitoa tangu baridi iishe, na abiria wangu ni Bi Salma, mama wa kijana anayemposa binti yetu. Katoka Leicester kuja kututazama sisi ni watu gani. Nikamkalisha kwenye kiti chenye mto mzuri, Asha akamkaribisha sambusa, mie nikaanza kujigamba.

"Injini hii, Bi Salma, naihudumia mwenyewe. Haijapata kuniangusha."

Hazikupita dakika kumi. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Nikawasha, wapi. Upepo ukatusukuma mdogo mdogo mpaka tukakwama kwenye matete, mbele ya mkahawa uliojaa watu. Wakatoa simu zao.

"Mafuta yamekwisha?" Asha akauliza.

"Hapana. Inapumzika."

Bi Salma akaweka sambusa yake chini. "Filta ulibadilisha lini?"

Nikamtazama. Mie nilichoambiwa ni kwamba anasomesha watoto Kurani. Kumbe marehemu mumewe alikuwa na kiwanda cha barafu Wete, na jenereta akiitunza Bi Salma mwenyewe.

"Nilikuwa nangoja jua," nikasema.

"Dizeli imelala baridi nzima na maji chini yake, na wewe unangoja jua."

Akakunja mikono ya baibui, akaomba spana. Mie nikamshikia taa. Filta kuukuu ilipofunguka kikamwagika kitu cheusi, kizito kama ukwaju. Asha akageukia mtoni.

"Mpya unayo?"

Hapo ndipo nilipotamani kujitosa. Maana ilikuwa chini ya kiti kile kile alichokuwa amekikalia. Nikamtolea, boksi halijafunguliwa, na juu yake mwandiko wa fundi Jayanti. Bi Salma akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, kama anawasomesha wanafunzi wake:

"Funga kabla ya baridi."

Akaifunga, akatoa hewa kwenye mabomba, akaniambia, "Washa." Ikawaka mara moja. Watu wa mkahawani wakapiga makofi. (Si kwa ajili yangu.)

Kurudi alishika usukani yeye. Mie nilipewa sahani ya sambusa nigawe.

Sasa hivi kampigia Asha simu. Anasema binti hana kasoro na posa inaendelea. Ila kaomba jambo moja: siku ya harusi, baba wa bibi harusi asipewe kazi yoyote yenye injini.